Chupa ya Chai ya Mama Simu

Mama yangu alikaa kwenye ubao wa simu wa hospitali kubwa kwa miaka thelathini na moja. Zamani hizo simu zote zilipitia kwake. Daktari akiitaka stoo, stoo ikilitaka jiko, mgonjwa akitaka kusema na watu wa nyumbani kwake, wote walianza kwa kusikia sauti ya Mama ikisema, "Ndiyo, nakusikiliza." Alikuwa na laini ishirini na nne mbele yake na anasema hakuwahi kuchanganya hata mbili. Lakini alichojivunia zaidi si wepesi wa mikono. Alijivunia kwamba kila aliyepiga alidhani siku hiyo amepiga yeye peke yake. Amestaafu mwaka wa kumi na mbili huu na bado mtaa mzima unamwita Mama Simu. Na sisi wanawe wanne, watu wazima wenye akili zetu timamu, tunajua kazi aliyoifanya, tumekula kwa kazi hiyo, tumesoma kwa kazi hiyo, na bado Krismasi iliyopita alituingiza mkenge wote kwa pamoja.

Mimi ni wa tatu. Juu yangu yuko Kaka Mkubwa, mpima ardhi, mtu wa pikapu na viatu vya tope. Anafuata Dada, ambaye ni mkunga na hajui kuongea kwa sauti ya chini. Nyuma yangu yuko Kitinda, anayeuza simu na vifuniko vya simu, na ambaye akiwa na miaka thelathini na moja bado anaitwa mtoto. Mimi nashona sare za shule. Desemba ndipo wazazi wote wa mji huu hukumbuka kwamba watoto wao wana miguu na kwamba miguu hiyo imerefuka. Kwa hiyo Desemba mimi silali vizuri, sili vizuri, na nina ulimi mkali, mume wangu ni shahidi.

Tarehe mbili Desemba Mama alinipigia.

"Mwanangu, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Chupa yangu ya chai imenifia."

Aliitamka habari hiyo kwa sauti ya msiba hasa, na mimi nikaipokea hivyo hivyo, maana chupa ile tunaifahamu. Ilikuwa nyekundu yenye maua meupe, ya lita mbili, ile ya kizamani yenye kioo ndani. Baba aliinunua kabla sijazaliwa. Kifuniko chake kina alama za meno yangu. Nilikiuma nikiwa na miaka minne na mpaka leo sijui nilikuwa natafuta nini.

"Nataka kama ile ile," akasema Mama. "Nyekundu, maua, kioo ndani. Hizi za chuma chai yake inanuka ufunguo. Nimekuchagua wewe kwa sababu wewe una macho ya kuchagua kitu. Usimwambie ndugu yako yeyote. Dada yako akisikia chai atanihubiria habari za sukari mpaka Pasaka. Kaka yako ataniletea mtambo wa kuchomeka ukutani."

"Sawa Mama. Nitampa Kaka akuletee, nitaifunga asijue ni—"

"Thubutu! Kioo hicho. Pikapu ya kaka yako inaruka kama mbuzi. Ulete mwenyewe, umeipakata."

"Mama, Desemba hii na sare hizi..."

Kimya. Mama anajua kutumia kimya. Alilipwa mshahara kwa ajili hiyo.

"Basi mwanangu," akasema hatimaye, kwa upole. "Nitakunywa maji."

Hayo "nitakunywa maji" yalinichoma kuliko kama angenitukana. Nilikuwa nimekosa Krismasi tatu mfululizo nyumbani kwake. Ya kwanza sare, ya pili sare, ya tatu nilisema homa, lakini zilikuwa sare. Nikaapa pale pale, sindano mdomoni, kwamba chakula cha mchana cha Krismasi kitanikuta mezani kwa Mama, na chupa nyekundu juu ya mapaja yangu. Nikamwambia mume wangu kwamba nisipofika safari hii, asiniite tena mtoto wa mtu. Akaniambia nikanunue hiyo chupa mapema. Nikamwambia bado mapema.

Inabidi nieleze jinsi tulivyokuwa tunasherehekea, ingawa naona haya. Tangu tumzike Baba, miaka minne nyuma, hatukuwahi kukutana wote wanne ndani ya nyumba ile. Tulikuwa na utaratibu wetu. Kila tarehe ishirini na nne Kaka Mkubwa alizunguka na pikapu yake, akikusanya maboksi kwetu mmoja mmoja. Krismasi asubuhi aliyashusha kwa Mama, akanywa kikombe kimoja cha chai akiwa amesimama, akaenda ukweni kwake. Na maboksi yenyewe! Tulikuwa tunashindana. Dada akituma mashine ya kupimia presha, mimi natuma mashine ya juisi. Kitinda akisikia juisi, anatuma mashine ya kukanda miguu. Mwaka mmoja tulituma mablanketi saba kwa mwanamke mwenye kitanda kimoja. Nilipopita kwake mwezi wa sita niliona nusu ya vitu bado viko kwenye maboksi yake, utepe haujafunguliwa. Moja alikuwa ameliweka karibu na kochi, amelitandikia kitambaa, simu yake imekaa juu. Nilicheka sana siku hiyo. Nikasema Mama ana vituko.

Sasa, chupa. Niliingia mjini tarehe ishirini na tatu, saa tatu asubuhi, nikiwa na hakika kwamba saa nne nitakuwa nimerudi kwenye cherehani yangu. Mji ulikuwa umerukwa na akili. Watu walikuwa wananunua kana kwamba kesho maduka yanafungwa na ufunguo unatupwa. Nilimwona mwanamume amebeba viti vinne vya plastiki kichwani na keki mkononi, anamwuliza mkewe kwa simu kama wana meza. Nilimwona mama mmoja anasukuma toroli mbili kwa mpigo, mtoto amelala ndani ya moja, katikati ya mafuta na unga. Kila duka lilikuwa na mti wa plastiki unaowaka taa, na kila mti ulikuwa umeegemea kidogo upande mmoja, umechoka kuliko sisi.

Duka la kwanza la vyombo waliniambia hawana. Ila walikuwa na bakuli: ukinunua mbili unapata ya tatu bure. Nikanunua mbili. Duka la pili hawakuwa nayo, ila kulikuwa na vijiko ambavyo kesho yake vingepanda bei, na yule muuzaji alinitazama machoni wakati anasema, nikaogopa. Duka la tatu nilitoka na mwanasesere anayeimba akibonyezwa tumbo. Mimi sina mtoto mdogo. Nina binti wa miaka kumi na sita. Mpaka leo sijui nilinunua kwa ajili ya nani, na mdoli huyo alikuwa anabonyezwa na bakuli ndani ya mfuko, kwa hiyo alianza kuimba kila nilipopiga hatua.

Duka la nne mwenye duka, mzee mwenye miwani ya kamba, alivua miwani yake nilipotaja chupa nyekundu yenye maua.

"Hebu niambie mama," akasema. "Hizi chupa zimekuwaje mwaka huu? Nimekaa nazo mbili kwenye rafu miaka sita, hakuna aliyezitazama. Leo asubuhi amekuja mama mmoja kachukua moja, ana gauni la kinesi, anaongea kama anahutubia. Nusu saa baadaye kijana mmoja ana simu kila mkono, akachukua ya pili. Sasa wewe."

Mtu mwenye akili angesimama hapo akafikiri. Mimi niliwachukia tu watu hao wawili, bila kuwajua, nikatoka na mdoli wangu tukiimba.

Ilikuwa saa saba nilipoingia supamaketi. Mlangoni kulikuwa na mlinzi aliyevishwa kofia nyekundu na ndevu za pamba, na joto lilikuwa limeziteremsha ndevu mpaka shingoni. Nikamkabidhi mifuko yangu, naye akaanza kumbonyeza mdoli tumbo. Ndani, rafu ya juu kabisa, nyuma ya masufuria, niliiona. Nyekundu. Maua. Moja tu, haina hata boksi, ina vumbi. Nikaiteremsha kwa mpini wa fagio la dukani, nikaipangusa kwa gauni langu, nikagonga kidogo nikasikia kioo. Jamani, nilitaka kulia. Niliibusu hadharani.

Nikageuka, na pale mwisho wa njia, hatua kumi kutoka kwangu, nikamwona Kaka Mkubwa. Alikuwa anasukuma toroli yenye kitu kilichofunikwa kwa foronya, na alikuwa anatazama huku na huku kama mwizi.

Usimwambie ndugu yako yeyote! Sauti ya Mama ilinijia sikioni. Mbele Kaka, nyuma ukuta wa masufuria. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kazi, nimelishona mwenyewe, pana, lisilobana popote. Sikufikiri. Nikalipandisha, nikasukuma chupa ndani, nikaifunga kwa mtandio wangu kiunoni, nikateremsha gauni. Lita mbili, mbele. Nikashika kiuno kwa mkono mmoja na chini ya tumbo kwa mkono wa pili ili isidondoke, nikaanza kutembea taratibu, miguu imetawanyika.

Foleni ya kulipia ilikuwa imepinda mpaka kwenye sabuni. Sikuwa nimesimama hata dakika moja, mlinzi wa ndevu akaniona kutoka mlangoni.

"Jamani! Jamani mpisheni mama mjamzito! Mnamwacha asimame hivi hivi, hamna utu?"

Foleni ikafunguka. Nilijaribu kusema hapana, lakini mama mmoja wa makamo alishanishika kiwiko ananisogeza mbele.

"Pole mwanangu. Na umri wako huu, Mungu ni mkubwa. Una ngapi sasa?"

Nilikaribia kusema lita mbili. Nikasema, "Imebaki kidogo."

"Naona. Limeshuka kabisa. Ni la kiume hilo."

Foleni nzima ikakubali kwamba ni la kiume. Mzee mmoja akasema limekaa pembeni, ndiyo maana. Nikafika mbele ya keshia, binti mwenye kucha za kijani, akanitazama mikono.

"Mama, unalipia nini?"

Basi. Ningefanya nini? Nikageuka kidogo, nikaingiza mkono kwa juu, nikafungua mtandio, nikaguna maana ilikuwa imekwama, nikajifungua pale pale kwenye kaunta chupa nyekundu ya maua meupe. Mlinzi alivua kofia yake. Yule mama wa makamo aliachia kiwiko changu taratibu, akafuta mkono wake kwenye sketi.

"Hongera," akasema keshia, akabonyeza mashine.

Nilitoka pale nikiwa nimeloa jasho, sikuangalia nyuma. Nilipiga tu jicho pembeni kumtafuta Kaka Mkubwa, sikumwona, nikamshukuru Mungu kwamba hakuniona.

Krismasi asubuhi tulipanda basi la kwanza, mimi, mume wangu na binti yetu, chupa nimeipakata. Saa nne tulikuwa mlangoni kwa Mama. Alitoka na aproni yake, mikono ina unga, akanikumbatia, akanong'ona, "Imefika salama?" Nikampa. Akaigonga kwa ukucha, akasikiliza, akatabasamu, akaipeleka chumbani kwake akafunga mlango. "Wewe ndiye mtoto," akaniambia sikioni. Nilijisikia mrefu. Nilitazama ile sebule, maboksi yangu na ya wenzangu yamepangwa ukutani kama bohari, nikajisemea kwamba mwaka huu mimi ndiye niliyeelewa mapenzi ni nini.

Nusu saa haijapita, pikapu ikaunguruma nje. Kaka Mkubwa na mkewe na wanawe wanne. Sikutegemea akae, nilijua atashusha mizigo aende. Lakini pikapu ilikuwa tupu. Aliteremka na kitu kimoja tu, kimefunikwa foronya, amekikumbatia kifuani. Mama akampokea, wakanong'onezana, kikaenda chumbani. Mimi nikadhani ni mtambo wa kuchomeka ukutani.

Kisha Kaka aliniona. Akatazama tumbo langu. Akakaa ghafla kwenye boksi la mashine ya juisi.

"Uko... unajisikiaje?" akaniuliza, kwa sauti ya hospitali.

"Mzima, Kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Usisimame. Mtafutieni mto." Akamgeukia mume wangu, akampa mkono kwa baridi kidogo. "Shemeji. Sijui nikupe hongera au pole. Mngetuambia."

"Asante sana," mume wangu akajibu, maana yeye alidhani ni salamu za sikukuu.

Kaka akatoka uani, nikamwona kupitia dirishani anaongea na simu, mkono umefunika mdomo. Akaingia Kitinda na mkewe, naye ana mfuko mikononi ameushika kama yai, naye akavutwa chumbani na Mama. Alipotoka alinipa soksi mbili ndogo za kufuma, za manjano, bila kunitazama machoni. Nikashangaa. Nikasema huyu mtoto amechanganya zawadi, labda ni za mtu mwingine. Binti yangu alizivaa vidoleni.

Saa tano na nusu akaingia Dada, mumewe nyuma yake. Hakubisha hodi. Bega moja lilikuwa na kile kikapu chake cha kazi, mkono mwingine una boksi. Boksi akamkabidhi Mama kwa jicho tu, kwamba ndiyo hiyo, pokea, kisha akaja moja kwa moja kwangu akanibonyeza tumbo kwa vidole vinne.

"Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?"

"Mtoto yuko wapi, nakuuliza! Kaka amekuona juzi supamaketi na tumbo la miezi tisa, watu wanakupisha foleni, jioni yake akatupigia wote. Leo umebaki kama ubao. Mimi nimezalisha watu miaka ishirini, mimi hunidanganyi. Umejifungulia wapi, na nani kakushika, na mtoto yuko wapi?"

"Mtoto gani?" akauliza mume wangu, amesimama.

"Tazama, hata baba yake hajui!" akapaza Dada, na wanangu wa kwa Kaka wakaacha kucheza wakaja kusikiliza.

"Hakuna mtoto!" nilipiga kelele. "Ilikuwa chupa! Chupa ya chai ya Mama! Nilimwona Kaka nikaificha!"

Nilikuwa nimevunja siri ya Mama mbele ya kadamnasi, nikamgeukia kuomba msamaha. Mama alikuwa anapangusa sahani. Sahani ilikuwa safi kabisa.

"Chupa gani ya Mama?" akauliza Kaka Mkubwa polepole.

"Ya chai. Iliharibika."

"Nyekundu?" akauliza Kaka.

"Ya maua?" akauliza Dada, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alinong'ona.

"Lakini Mama aliniambia mimi peke yangu," akasema Kitinda.

"Aliniambia mimi," nikasema. "Alisema mimi ndiye mwenye macho ya kuchagua."

"Alisema mimi ndiye ninayeelewa mambo ya moto na baridi," akasema Dada.

"Alisema nyinyi hamwaminiki na kioo," akasema Kaka.

Tulikwenda chumbani wote wanne kwa wakati mmoja, tukakwama mlangoni, tukasukumana. Juu ya kitanda, kwenye shuka jeupe, zilikuwa zimepangwa mstari mmoja chupa nne nyekundu zenye maua meupe. Zilifanana kama sisi tusivyofanana.

Mume wangu ndiye aliyeanza kucheka, akafuatia Kitinda, kisha nyumba nzima. Mke wa Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikasirika. Mtu mzima mimi, nimejifungua mbele ya keshia, nimepigiwa kura na foleni kwamba ni wa kiume, kumbe yote bure! Nikaenda zangu jikoni kutafuta sukari, nikafungua kabati la chini ili nipate kitu cha kupiga piga.

"Huko hakuna sukari!" Mama akaita kutoka sebuleni, haraka mno.

Nikainama. Nyuma ya debe la unga kulikuwa na taulo limezungushwa kitu. Nikalifungua. Ilikuwa nyekundu, imefifia, maua yake yamebaki nusu. Nikapapasa kifuniko, nikakuta meno yangu. Nikafungua, na mvuke ukanipiga usoni. Chai ilikuwa ya moto kabisa.

Nikaibeba mpaka sebuleni, nikaiweka katikati ya meza mbele ya wote.

"Mama," nikasema. "Marehemu anapumua."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama aliitazama chupa, akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Akaweka sahani chini.

"Mwaka jana," akasema, "kaka yenu alishusha maboksi kumi na moja. Nilikuwa nimepika cha watu kumi na nne, kwa sababu nilisema labda. Akanywa kikombe chake akaenda ukweni, na ni haki yake, wale nao ni wazazi. Nikafungua boksi moja moja mpaka nikachoka, mengine nikayaacha. Vitu vizuri, siwezi kusema uongo. Mezani pakajaa, ikabidi ile mashine ya juisi niiweke kwenye kiti cha baba yenu. Nikapakua. Nikala nayo."

Kaka Mkubwa aliinamisha kichwa.

"Si kwamba sikuwahi kuwaita," Mama akaendelea, na sauti yake haikuwa na lawama, ilikuwa ile ile ya ubaoni. "Kila mwaka niliwaita. Nikiwaita mje, mnatuma kitu. Basi nikafikiri. Nikasema mwaka huu siombi waje. Naomba kitu kinachovunjika."

Kitinda akaanza kulia waziwazi kama mtoto, ndiyo maana tunamwita mtoto. Dada alijifanya anatafuta kitu ndani ya kikapu chake cha kazi na hakukipata kwa muda mrefu. Mimi nilikwenda nikaliondoa boksi la mashine ya juisi lililokuwa chini ya Kaka, yaani nilimwinua kwanza yeye, nikalibeba nje uani, nikarudi nikabeba lingine. Nililia huku nikibeba, na nilikasirika bado, ila sikuwa nimemkasirikia Mama. Wengine wakaanza kubeba. Dakika kumi tu, sebule ikaonekana, na kumbe ina dirisha la tatu ambalo tulikuwa tumelisahau.

Kaka alipiga simu ukweni akasema mwaka huu atafika kesho. Tukavuta meza. Mama akajaza chupa zote tano, na Dada alipofungua mdomo kuhusu sukari Mama alimwambia, "Laini yako ina shughuli, jaribu baadaye," na Dada akanyamaza, kitu ambacho wanafunzi wake wa ukunga hawataamini. Tulikuwa watu kumi na nne, nimehesabu mara mbili. Watoto walimgeuza mume wangu mama mjamzito kwa kutumia mito, wakampitisha foleni. Mdoli aliimba mpaka betri zikamwishia. Ilipofika saa tisa alasiri chupa tano zilikuwa tupu, na Mama akaenda kuchemsha tena.

Wakati wa kuondoka nilimbusu, nikachukua mkoba wangu. Akaniita nikiwa mlangoni. Alikuwa ameshika chupa niliyoinunua, imeoshwa, imekauka, akanitia mikononi.

"Hii nipeleke wapi, Mama? Si yako?"

"Mimi nina yangu," akasema. Alimpa na Kaka ya kwake, na Dada ya kwake, na Kitinda ya kwake. "Kila mtu aende na yake. Mwakani zirudi."

Kituoni kondakta alikuwa anapakia mizigo ya watu chini ya basi. Akachukua mkoba wangu, akachukua mfuko wa mume wangu, akanyoosha mkono kwenye chupa.

"Mama, lete na hicho nikuwekee buti, utachoka kukipakata safari nzima."

"Hapana," nikamwambia. "Hiki kinavunjika."